Union Version kwenye Walawi 25 na 27: hesabu za shamba zimekaa sawa, neno "wakfu" limebeba mizigo miwili

Anayetaka kuelewa jinsi Mwisraeli wa kale alivyomtolea Mungu shamba, na jinsi alivyolirudisha mkononi mwake, ana sura mbili za kuanzia: Walawi 25 na Walawi 27. Kwa msomaji wa Kiswahili kitabu kilicho karibu zaidi ni Biblia ya Union Version, ile iliyokamilika mwaka 1952 baada ya tafsiri za Kimvita na za Kiunguja kuunganishwa kuwa moja. Ipo kanisani, ipo dukani, ipo bure kwenye simu. Tumeipima kwa kazi hii moja tu. Je, mtu aliyeishika peke yake ataweza kupiga hesabu ya shamba lililowekwa wakfu? Na je, atajua ni shamba lipi linakombolewa na lipi halikombolewi?

Kwa swali la kwanza inafaulu, tena vizuri. Kwa swali la pili inamwangusha msomaji, na kosa lote limekaa kwenye neno moja. Mwenye penseli anaweza kulirekebisha kwa dakika tano.

Tuanze na inapofaulu. Walawi 27:16 inatoa kanuni ya bei: shamba la milki, yaani la urithi wa ukoo, halithaminiwi kwa uzuri wa udongo wala kwa ukaribu wake na mji. Linathaminiwa kwa mbegu. Eneo linalopandwa homeri moja ya shayiri ni shekeli 50 za fedha. Union Version imeacha "homeri", "shekeli" na "gera" jinsi zilivyo, bila kuzigeuza kuwa kilo au fedha za leo, na hapo ilifanya jambo la busara sana. Vipimo vya leo vingepitwa na wakati, na kila mfasiri angekadiria kivyake. Mradi namba za asili zipo, hesabu haiharibiki.

Ila msomaji anahitaji kujua namba hizo zina uzito gani. Homeri ni efa 10, na ujazo wake hukadiriwa mpaka karibu lita 220. Shayiri ya ujazo huo ina uzito wa kama kilo 130. Marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, walipima eneo lake kwa dhiraa: homeri moja, ambayo pia huitwa kori, ni sea 30, na kila sea hupandwa kwenye kipande cha dhiraa 50 kwa 50. Zidisha, utapata dhiraa za mraba 75,000. Kwa dhiraa ya sentimeta 45 mpaka 50, hilo ni shamba la hekta 1.5 mpaka 1.9, takriban ekari 4. Mkulima yeyote akigawanya kilo 130 kwa hekta 1.7 ataona mbegu ni kama kilo 76 kwa hekta, kiasi ambacho mtu anayepanda nafaka kwa kutawanya kwa mkono hawezi kukishangaa. Hapo ndipo tunapoona kwamba kanuni hii iliandikwa na watu waliojua kulima.

Shekeli nayo si sarafu. Ni uzito wa fedha. Mawe ya mizani yaliyochimbuliwa Yuda yanaonyesha shekeli ya gramu 11 na kitu. Aya ya 25 inafunga mlango wa ubishi kwa kusema shekeli ya mahali patakatifu ni gera 20, kwa hiyo muuzaji hawezi kuja na jiwe lake jepesi kutoka sokoni. Shekeli 50 ni zaidi kidogo ya nusu kilo ya fedha. Anayeingia mtandaoni kutafuta shekeli ya Israeli ya leo ili apate jibu kwa shilingi anapoteza wakati wake.

Sasa kosa la kwanza ambalo wasomaji wengi hulifanya, na hapa Union Version haina lawama. Wanadhani shekeli 50 ni bei ya mwaka mmoja, au ni bei ya kulinunua shamba moja kwa moja. Sivyo vyote viwili. Ni bei ya matumizi ya shamba kwa mzunguko mzima wa yubile, ule mwaka wa 50 ambao ardhi hurudi kwa ukoo wake. Ndiyo maana aya ya 17 inasema anayetoa kuanzia mwaka wa yubile hulipiwa bei kamili, na aya ya 18 inasema anayetoa baada ya yubile hupunguziwa kadiri ya miaka iliyosalia. Kinachouzwa ni mavuno, si ardhi. Ukilishika hilo, sura zote mbili zinafunguka.

Tuchukue shamba linalopandwa homeri mbili na nusu za shayiri, na yubile imebakiza miaka 18. Bei kamili ni 2.5 mara 50, yaani shekeli 125. Mzunguko una miaka 49 kabla ya yubile yenyewe, kwa hiyo kila mwaka ni shekeli 2.55. Mara 18, ni shekeli 45.9. Hiyo ndiyo thamani ambayo kuhani ataitaja.

Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, katika kitabu chake cha Arakhin ina njia ya mkato ambayo ni nzuri kwa anayefundisha darasani bila kikokotoo. Kila homeri, kila mwaka, ni sela moja na pundioni moja. Sela ndiyo shekeli ya Torati kwa hesabu ya marabi, na ina pundioni 48. Kwa shamba letu ni 2.5 mara 18, yaani 45: sela 45 na pundioni 45. Ni ileile 45.9. Ukiipeleka njia hii miaka 49 kwa homeri moja, utaona imezidi shekeli 50 kwa pundioni moja. Ziada hiyo ilielezwa kuwa ni ujira wa kuvunja fedha kubwa kuwa ndogo. Wenye biashara ya kubadilisha fedha walikuwepo tangu zamani, na hata hesabu ya mahali patakatifu iliwaachia nafasi yao.

Miezi je? Tuseme yubile imebakiza miaka 17 na miezi minne. Kanuni ya Mishna ni kwamba miezi haihesabiwi kwa hasara ya patakatifu. Mwaka ulioanza haukatwi vipande ili kumpunguzia anayekomboa, hivyo atalipa kama aliyebakiwa na miaka 18. Pia haishauriwi kutoa shamba ikiwa imebaki chini ya miaka miwili kabla ya yubile, wala halikombolewi ukiwa haujapita mwaka baada ya yubile. Na anayesema "nitalipa mwaka kwa mwaka" hasikilizwi. Fedha yote hutolewa kwa pamoja.

Kuna na suala la shamba lenyewe lilivyo. Bonde au mwamba ndani ya shamba unaingia kwenye vipimo? Kama korongo lina kina cha viganja 10 au mwamba una kimo cha viganja 10, takriban sentimeta 80, haupimwi pamoja na shamba. Ukipungua hapo, unapimwa. Kwa upande mwingine, rutuba haibadilishi chochote: Mishna inataja mchanga wa Mahozi na bustani za Sebaste, na kusema zote mbili hulipiwa shekeli 50 kwa homeri. Mwenye shamba bovu anayelitoa na kutaka kulirudisha ameumia. Mwenye bustani nzuri amepata nafuu kubwa. Wengine wataona hapo hakuna haki. Sisi tunaona faida moja kubwa, kwamba hakuna wa kumhonga. Kuhani hana nafasi ya kushusha bei kwa rafiki yake au kuipandisha kwa mtu asiyempenda. Anapima mbegu na kuhesabu miaka, basi. Linganisha na nyumba, aya ya 14: hapo kuhani anaitazama ikiwa nzuri au mbaya, na anavyoithamini ndivyo inavyosimama. Kwa nyumba jicho la kuhani lina uzito. Kwa shamba la urithi halina.

Mwenye shamba akitaka kulikomboa mwenyewe, aya ya 19 inamtaka aongeze sehemu ya tano. Hapa Union Version imetafsiri sawasawa, na hapa hapa msomaji hukosea hesabu bila kujua. Sehemu ya tano ya nini? Kwa Kiswahili cha kawaida tano ya 45.9 ni 9.2, jumla 55.1. Lakini marabi walibishana, na hesabu iliyoshika ni kwamba nyongeza lazima iwe moja ya tano ya jumla iliyokwisha kulipwa. Yaani unaongeza robo ya bei ya mwanzo, ili bei na nyongeza yake viwe sehemu tano zilizo sawa. Robo ya 45.9 ni 11.5, jumla 57.4. Kwa shamba la homeri moja lililotolewa mwanzoni mwa mzunguko, tofauti ni kati ya shekeli 60 na shekeli 62 na nusu. Si ndogo kwa mtu wa kijijini. Toleo lisilo na maelezo ya chini haliwezi kumwonya mtu hapo, kwa hiyo andika "au robo" pembeni ya aya ya 19.

Nyongeza hiyo ni ya mwenye shamba peke yake. Mtu baki akilikomboa halipi nyongeza. Sababu si ngumu kuiona: mwenye shamba ndiye anayeweza kujitia anatoa leo ili apate sifa, kisha kesho akalirudisha kwa bei nafuu. Moja ya tano inamfanya afikiri kabla hajafungua kinywa.

Sasa tuje kwenye neno lililoharibu kazi.

Kiebrania cha Walawi 27 kina vitendo viwili tofauti kabisa. Cha kwanza ni kutakasa kitu kiwe mali ya patakatifu, ambacho marabi wanakiita hekdeshi. Hicho kinakombolewa. Mtu analipa, kitu kinarudi, na fedha inaingia hazina. Cha pili ni heremu, kukitenga kitu kwa Mungu bila njia ya kurudi. Aya ya 28 inasema hakiuzwi wala hakikombolewi. Ni neno lilelile la vita vya Yeriko na la kosa la Akani, aliyejitwalia vitu vilivyotengwa vya mji huo, katika Yoshua 6 na 7.

Union Version imeviita vyote viwili "wakfu". Shamba la aya ya 16 ni wakfu, na linakombolewa. Kitu cha aya ya 28 ni wakfu, na hakikombolewi. Msomaji makini anasimama, anarudi nyuma, anadhani amekosea. Hajakosea. Anasoma mikataba miwili iliyopewa jina moja.

Pabaya zaidi ni aya ya 21. Kiebrania kinasema shamba lililotakaswa ambalo halikukombolewa, yubile ikifika, linakuwa takatifu kwa Bwana kama shamba la heremu, na linakuwa milki ya kuhani. Hiyo ni sentensi yenye nguvu: kitu kilichokuwa na mlango wa kurudi, mlango wake umefungwa, sasa kimehamia daraja la pili. Kwa Kiswahili shamba la wakfu linalinganishwa na shamba la wakfu. Hukumu yote ya aya, ule msumari wa mwisho anaopigiwa mtu aliyezembea kukomboa, imepotea.

Tunalisema hili kwa kuheshimu waliofanya kazi ile. Neno "wakfu" lilikuwa tayari mdomoni mwa watu wa pwani, na lilikuwa zuri mno kuachwa. Tatizo ni kwamba lilikuwa na maana kamili kabla halijaingia katika Biblia. Kwa Mwislamu wa Mombasa au Unguja, shamba la wakfu haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi. Limetoka mkononi na halirudi. Faida yake inakwenda msikitini, kwa maskini, au kwa kizazi cha mtoaji kama ni wakfu wa jamaa. Ukimwambia mtu aliyelelewa na maana hiyo kwamba wakfu unakombolewa kwa kuongeza sehemu ya tano, atakuuliza ni wakfu gani huo. Na ana haki ya kuuliza. Kwa maana hiyo ya pwani, "wakfu" lingekaa vizuri zaidi kwenye aya ya 28 kuliko kwenye aya ya 16, ingawa heremu ina ukali wa maangamizi ambao wakfu wa pwani hauna. Shamba la aya ya 16 liko karibu na kitu kingine ambacho kila mtaa unakijua: rehani. Umekiweka, kipo, una muda, ukileta fedha na nyongeza unakikomboa. Hatusemi aya itafsiriwe "rehani", kwa kuwa hapa hakuna deni na nia ni ibada. Tunasema hisia ya kisheria iko huko.

Kwa sababu hiyo hiyo tunalisifu neno "kukomboa". Hapo wafasiri walipiga penyewe. Mtu anakomboa rehani, anakomboa mateka, na Kiebrania nacho kinatumia kitenzi kimoja kwa shamba lililouzwa la Walawi 25, kwa shamba lililotakaswa la Walawi 27 na kwa ndugu aliyejiuza utumwani. Msomaji anaufuata uzi huo bila kukatika.

Dawa ni penseli. Kwenye aya za 14 mpaka 24 andika "wakfu wa kukombolewa". Kwenye aya ya 21, pale penye ulinganisho, na kwenye aya za 28 na 29, andika "wakfu wa moja kwa moja" au "heremu". Fanya vivyo hivyo katika Yoshua 6 na 7, ili Akani asije akaonekana amekosa kwa kutolipa nyongeza.

Aya ya 20 nayo ina utata, lakini huo ni wa Kiebrania chenyewe. Inasema akiwa hakulikomboa shamba, au akiwa ameliuza kwa mtu mwingine, halitakombolewa tena. Nani aliyeliuza? Ukisoma haraka, ni mwenye shamba, na unapata picha ya mtu aliyemtolea Mungu kisha akauza kwa siri. Marabi walisoma kwamba muuzaji ni mtunza hazina wa patakatifu. Kwa usomaji wao hakuna udanganyifu wowote: mwenye shamba alichelewa, hazina ikampa mtu mwingine, na yubile ikifika shamba halirudi kwa ukoo bali linaenda kwa makuhani. Usomaji huu unaingiliana vizuri na aya ya 21, na ndio tunaoufuata.

Yubile inapofika bado kuna mitego. Kama mwana wa mwenye shamba ndiye aliyelikomboa, linarudi kwa baba yake. Kama kuhani mmoja alilikomboa na yubile ikalikuta mkononi mwake, hawezi kusema "linaenda kwa makuhani, nami ni kuhani, basi limebaki langu". Linatoka na kugawiwa makuhani wote ndugu zake. Kanuni hiyo ndogo imeziba tundu ambalo mtu mjanja angelipitia mapema sana.

Shamba la kununua ni habari nyingine, aya za 22 mpaka 24, na wengi hulipita wakidhani ni marudio. Mtu aliyenunua shamba la ukoo wa mwingine hana ardhi, ana mavuno ya miaka kadhaa. Akilitoa, hawezi kutoa zaidi ya alicho nacho. Kuhani anahesabu thamani mpaka yubile, fedha inalipwa siku hiyo hiyo, na yubile ikifika shamba linarudi kwa yule ambaye ardhi ni urithi wake. Haliendi kwa makuhani. Mishna inaongeza kwamba hapa bei si ya mbegu bali ni thamani halisi ya shamba, na aya hazitaji nyongeza ya moja ya tano. Na mtu aliyenunua shamba la baba yake, baba akafa, ndipo akalitoa? Hilo tayari ni urithi wake, kwa hiyo linahesabiwa shamba la milki na bei inarudi kwenye homeri.

Turudi kidogo Walawi 25, kwa sababu ukombozi wa shamba lililouzwa kwa mtu hufuata hesabu nyingine, na ukizichanganya umeharibu zote. Aya ya 23 inasema nchi haitauzwa. Anayeishia hapo ataondoka akiamini kuuza kulikatazwa, kisha aya ya 25 itamshangaza kwa kumzungumzia mtu aliyeuza. Kiebrania kinakataza uuzaji wa kukata moja kwa moja, usio na njia ya kurudi. Uuzaji wa mavuno mpaka yubile unaruhusiwa, na bei yake ni ya makubaliano kwa idadi ya miaka ya mazao.

Chukua shamba lililouzwa shekeli 30 ikiwa imebaki miaka 20. Baada ya miaka minane muuzaji amepata nafuu na anataka kulirudisha. Mnunuzi amekula mavuno ya miaka 8, imebaki 12. Shekeli 30 kwa miaka 20 ni moja na nusu kwa mwaka, mara 12 ni 18. Analipa shekeli 18 na kurudi kwenye milki yake. Hakuna homeri hapa, hakuna moja ya tano. Mishna inaweka masharti yake: shamba halikombolewi kabla mnunuzi hajala miaka miwili ya mavuno, na mwaka wa ukame, wa kutu ya nafaka au wa sabato ya nchi hauhesabiwi humo. Shamba likiwa limeuzwa mara ya pili kwa bei tofauti, muuzaji wa kwanza anahesabiwa kwa bei iliyo nafuu kwake. Lakini haruhusiwi kukopa ili akomboe, wala kukomboa nusu. Kwa shamba lililotakaswa vyote viwili vinaruhusiwa. Patakatifu palimlegezea mtu mahali ambapo jirani hakulazimika kumlegezea.

Nyumba ndani ya mji wenye ukuta ina mwaka mmoja tu, aya za 29 na 30. Ukipita, imekwenda daima. Sheria hii ilizaa hila iliyo wazi: siku ya mwisho ya mwezi wa 12 mnunuzi anajificha ili asipatikane wa kupokea fedha. Hillel Mzee, mmoja wa walimu wakubwa wa sheria, akaweka kanuni kwamba muuzaji apeleke fedha yake kwenye chumba cha hazina hekaluni, kisha avunje mlango wa nyumba na kuingia. Mnunuzi atakapojitokeza, aende kuchukua fedha yake huko. Union Version inakupa sheria ya mwaka mmoja vizuri kabisa. Mlango uliovunjwa utaupata kwenye Mishna.

Na huo ndio mpaka wa kitabu hiki kwa kazi hii. Sheria ya yubile ilipokuwa haitumiki tena, marabi walilipeleka shamba lililotakaswa mnadani. Mwenye shamba ndiye aliyetakiwa kutaja bei kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kulipa nyongeza. Arakhin inasimulia mtu aliyetakasa shamba lake kwa sababu lilikuwa bovu, akitumaini kuachana nalo. Wakamwambia, anza wewe. Akasema, langu kwa isari moja, sarafu ndogo ya shaba. Wakamwambia, limekufikia. Akapoteza isari yake na shamba lake bado liko mbele yake. Wazabuni nao walibanwa. Kama watu wametaja sela 10, 20, 30, 40 na 50, na wa 50 akajitoa, hazina inakamata mali yake mpaka sela 10, tofauti kati yake na anayemfuata.

Kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, mwanafunzi wa chuo cha Biblia, au mwanasheria wa ardhi anayetaka kuona mfumo ambao haujawahi kumkabidhi mtu ardhi kabisa, Union Version inatosha kuanzia, kwa sharti la penseli tuliyoitaja. Anayeandika insha ya kitaalamu asiitegemee peke yake kwa Walawi 27:21 wala 27:28. Kwa anayetaka kuona sheria hizi zikitembea, afungue Yeremia 32. Hanameli, binamu wa Yeremia, anamletea nabii huyo shamba la Anathothi kwa sababu haki ya kulikomboa ni ya nabii, Wababeli wamekwisha kuuzingira Yerusalemu, na Yeremia anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani mbele ya mashahidi. Hati ni mbili, moja imetiwa muhuri na moja iko wazi, na Baruku, mwandishi wake, anaambiwa azitie zote ndani ya chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi.